Jaketi la baridi kutoka blanketi la sufu la babu: mkasi uweke mbali kwanza

Swali: "Shikamoo fundi. Nipo Makete. Marehemu babu aliacha blanketi zito la sufu, la kijivu, lina mistari myekundu upande wa kichwani na wa miguuni, nondo wameshalitoboa sehemu mbili. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku haina masihara, na mimi natoka alfajiri na bodaboda kupeleka viazi, siku nyingine napanda mpaka Kitulo. Nataka nishone mwenyewe jaketi la kuvaa nje, cherehani ya miguu ya mama ipo. Nianzie wapi? Na ni kweli sufu hata ikilowa inatunza joto?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuondokewa na babu. Swali lako nimelisoma asubuhi nikaacha suruali ya mtu mezani nikaanza kuchora kwenye karatasi, maana hii kazi naipenda na nimeifanya miaka mingi. Mimi nipo Lushoto, baridi ya milimani naijua, ila najua ya kwenu inatuzidi, nyie mko juu ya mita 2,000 na Kitulo penyewe ni kama mita 2,600, huko asubuhi sakitu inalala kwenye majani mpaka yanakuwa meupe. Kwa hiyo tunaongelea nguo ya kazi hasa, nguo ya kukukinga.

Nianze na kubwa lenyewe. Jaketi la blanketi linaharibikia kwenye beseni na kwenye mkasi, kwenye cherehani linaharibika mara chache sana. Yaani ukishalijua blanketi lako ni la nini, ukalifua likarudi vya kutosha, yaani likapungua ukubwa, ukapanga vipande vyako juu yake kwa akili, hapo kushona ni siku mbili tu hata kama wewe sio fundi. Ila ukikimbilia kukata, hakuna fundi wa kukusaidia. Mimi mwenyewe jaketi langu la kwanza la blanketi nilimshonea mlinzi wa shamba moja huku juu, nilikata blanketi kama lilivyotoka sokoni, nikashona vizuri, kalivaa mwezi mzima anafurahi kweli. Siku limechafuka mkewe akalifua kwa maji ya moto akalisugua kama anavyosugua mashuka. Aliponiletea, mikono ilikuwa imepanda karibu na kiwiko na vifungo havifikii tundu zake. Mama wa watu hana kosa hata kidogo, kosa lilikuwa langu mimi niliyekata sufu ambayo haijarudi bado, na nilimshonea jingine bila kuchukua hela yake.

Sasa hatua ya kwanza, hakikisha hilo blanketi ni sufu kweli. Najua umesema ni la sufu na pengine babu mwenyewe alisema hivyo, lakini blanketi nyingi za kijivu tunazoziita za jeshi zimefumwa kwa sufu ya kurudishwa, yaani matambara yaliyochanwa yakasokotwa upya, na humo ndani kunachanganywa nailoni, akriliki, pamba, chochote. Chomoa uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, yaani mmoja unaokwenda urefu na mmoja unaokwenda upana, usichukue wa upande mmoja tu kwa sababu kuna blanketi mtande wake ni pamba na mshindio ndio sufu. Shika kila uzi kwa koleo au kibanio, usogeze kwenye moto wa kiberiti ukiwa nje na maji yapo karibu. Sufu inajikunja kuukimbia moto, inawaka kwa kusuasua, ukiutoa moto inazima yenyewe, na harufu yake ni ile ya nywele zilizoungua, huwezi kuikosea. Majivu yake ni meusi, ukiyafinya kwa vidole yanasagika kama mkaa mwepesi. Akriliki na poliesta zinayeyuka, zinadondosha, zikipoa zinabaki kidonge kigumu ambacho hakisagiki. Pamba inaungua kama karatasi na inanuka karatasi.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu jaketi hili utakaa nalo karibu na jiko la mkaa na moto wa kuni, cheche ikirukia sufu inaacha alama ndogo na kufa, ikirukia akriliki inayeyusha na ule ujiuji wa moto unaganda kwenye ngozi. Kama la kwako limechanganyika na sufu ndio nyingi, shona tu ila kaa mbali na moto. Kama ni akriliki tupu, libaki blanketi la kulalia, halitarudi kwa maji ya moto na kingo zake zitafumuka kila unapokata.

Ukimaliza hapo lipeleke dukani kwa mtu mwenye mizani ulipime uzito. Pima na urefu na upana, zidisha upate eneo, gawanya. Mfano blanketi la sm 150 kwa 200 ni mita za mraba 3, likiwa na kilo moja na nusu basi ni gramu 500 kwa kila mita ya mraba, hiyo ni saizi nzuri sana ya jaketi. Chini ya gramu 400 litakuwa jepesi, itabidi uweke kitambaa kingine ndani. Likifika 800 cherehani italia na wewe utatembea kama umebeba mtu.

Haya, nondo. Yale matundu mawili yasikutie hofu ila yakupe tahadhari, maana anayekula sufu ni kiwavi wa yule nondo mdogo wa rangi ya majani makavu, na mayai yake huyaoni. Litoe nje, likung'ute kisawasawa, lipige brashi hasa kwenye mikunjo na pindo. Lishike uliangalize kwenye mwanga wa mlango, utaona sehemu nyingine ambazo hazijatoboka bado ila zimekuwa nyepesi kama wavu, hizo ziwekee alama ya chaki. Yaliyobaki maji ya moto yatamaliza.

Sasa tufike kwenye kulirudisha blanketi, na hapa naomba usome taratibu maana ndipo jaketi linapotengenezwa. Unyweleo wa sufu una magamba madogo madogo, ukiuweka kwenye maji ya moto na sabuni yanafunguka, ukiusugua yanashikana na ya jirani, na yakishashikana hayaachani tena. Kitambaa kinakuwa kifupi, kinene, kizito, upepo unapita kwa shida, na kubwa kuliko yote, ukikikata hakifumuki. Hicho ndicho tunachokitafuta.

Kabla ya kulowanisha chukua uzi wa rangi tofauti, wa poliesta ili usirudi nao, piga bandi, yaani mshono wa mkono wa muda, mraba wa sm 50 kwa 50 katikati ya blanketi. Huo ndio utakaokwambia blanketi limefika wapi. Tafuta beseni kubwa au karai, maji ya moto ya kiasi ambacho mguu unavumilia kwa shida, vaa mabuti ya mvua yaliyooshwa vizuri, katia sabuni ya mche humo iyeyuke, tumbukiza blanketi ukanyage. Kanyaga kweli, robo saa, ligeuze, kanyaga tena. Halafu litoe uliweke kwenye maji ya baridi, mshtuko huo unasaidia kufunga. Lirudishe kwenye moto. Kila raundi pima ule mraba wako. Ukiona sm 50 imekuwa 45 pande zote mbili, simama. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua saa nzima na zaidi, inategemea sufu yenyewe. Mara nyingi upande mmoja unarudi zaidi ya mwingine, na kama mtande ni pamba upande huo utagoma, usilazimishe.

Ukitaka kujua kwa mkono bila kupima, shika kati ya kidole gumba na cha shahada usugue. Mwanzo unasikia nyuzi, unazihesabu moja moja kama matuta ya shamba. Likishakubali, zile nyuzi zinapotea, unasikia kitu kimoja kama ngozi ya sikio la mbuzi. Mimi siku hizi nafumba macho nikifanya hivyo.

Jiki usiiguse kabisa, ni adui wa sufu, inaila mpaka inayeyuka, na sabuni za unga kali nazo ziache. Suuza mpaka maji yatoke masafi. Usilisokote kulikamua na usilitundike kwenye kamba likiwa linachuruzika, lina uzito mkubwa na litavutika upande. Likunje ulikanyage juu ya majani maji yatoke, kisha litandaze juu ya mkeka kivulini ulinyooshe kingo kwa mkono mistari ya babu ikae sawa. Kwa hali ya hewa yenu linaweza kuchukua siku tatu kukauka, lisubiri. Likikauka lipige pasi kwa kitambaa kilicholowekwa juu yake, unakandamiza na kunyanyua, usiburute.

Matundu yatililie sasa, kabla ya kukata. Chomoa nyuzi kwenye kingo za blanketi lenyewe ndio utumie hizo, unapitisha za kusimama halafu unafuma za kulala, rangi inakuwa ile ile. Zile sehemu nyepesi ulizoweka alama ya chaki zipe mistari michache ya mkono tu.

Tuje kwenye kukata. Mimi ufundi wangu nimejifunzia Tanga mjini kwa mzee mmoja mshona kanzu, na ninachokwambia hapa kimetoka kwake hata kama yeye hakuwahi kushona blanketi maisha yake yote. Kanzu imepangwa kwa akili kubwa, badani ya mbele na ya nyuma, yaani vipande vikubwa vya kiwiliwili, taharizi za ubavuni, mikono, vikwapa, yaani vipande vidogo vya chini ya kwapa, karibu kila kipande kimenyooka, hakuna kitambaa kinachotupwa na mtu anainua mikono bila kuvutwa. Kitambaa kinene kama blanketi ndivyo kinavyotaka. Ukileta patani ya koti la suti lenye mkono wa duara na vipenseli, yaani mikunjo ya kubana, kiunoni utateseka, sufu nene haipendi kukunjwa kunjwa. Wale Wafaransa wa Kanada na wenyeji wa kule waliokuwa wakifanya biashara ya ngozi na Hudson's Bay Company walikuwa wanashona makoti ya blanketi kwa mtindo huu huu wa kunyooka, na ile mistari ya rangi ya kwenye blanketi wanaiacha itokee kwenye pindo na kwenye mikono. Nimeona picha zake, ni mazuri mno, na blanketi lako la mistari myekundu linaomba hivyo hivyo.

Nakupa hesabu ya mtu wa kifua cha sm 96, mwenye urefu wa kawaida, wewe utabadilisha. Tuseme blanketi lilikuwa 150 kwa 200 na sasa limerudi limekuwa 135 kwa 180. Mistari iko kwenye ncha mbili za ule urefu wa 180. Gawa upana kwanza: sm 64 ni za badani, zinabaki 71. Hizo 71 zigawe tena, 52 za mikono na 19 ni ukanda wa vikorokoro.

Kwenye ule upande wa 64, badani ya mbele inaanzia ncha moja kwenda sm 78, badani ya nyuma inaanzia ncha ya pili nayo 78, katikati panabaki 24. Hizo 24 kwa 64 usizitupe, ndio kipande cha mabegani, nitakirudia. Umeona? Mistari ya babu imekuja kwenye pindo la chini mbele na nyuma bila kufanya chochote. Kwenye upande wa 52 fanya vivyo hivyo, mkono mmoja uanzie ncha hii sm 58, mwingine uanzie ncha ile sm 58, mistari inatokea mwisho wa mikono, yaani hapa kwenye kiganja, pande zote mbili sawa. Katikati pamebaki 64 kwa 52, hapo unatoa vipande viwili vya kofia vya 30 kwa 35, na vikwapa viwili vya 12 kwa 12. Ule ukanda wa 19 una urefu wote wa 180, toa 78 uigawe mara mbili kwa urefu upate mikanda miwili ya kifuani, toa mifuko miwili ya 22 kila mmoja, na hizo 58 za mwisho ni za kola kama hutaki kofia, au za kurefushia kofia.

Badani ya sm 64 ukitoa mshono sm 1.5 kila upande inabaki 61, mbele na nyuma ni 122, kifua ni 96, una nafasi ya 26. Usishtuke, ndani utavaa sweta na sufu yenyewe ina unene wake. Watu wanaokata blanketi kwa kubana wanapata jaketi la kusimama nalo tu. Kama kifua chako ni 104 ongeza badani ziwe 68 na upunguze ule ukanda wa vikorokoro. Chora yote kwa chaki kwanza, pima mara mbili, lala, kesho yake pima tena ndio ukate.

Mkono uwe 52 juu na upungue taratibu mpaka 34 kwenye kiganja, vile vipembe vinavyotoka pembeni vitunze. Shingo kata ndogo, upana 18, nyuma shuka sm 2 na nusu, mbele shuka 9, ukiona inabana unaongeza ila ukizidisha hurudishi. Mabegani shusha sm 3 kutoka shingoni kwenda nje, bega la mtu lina mteremko. Badani ya mbele ichane katikati.

Kushona. Kwanza cherehani ya mama, na nimefurahi ni ya miguu, zile za chuma za zamani zina nguvu kuliko hizi ndogo za plastiki za umeme ambazo zikikutana na tabaka tatu za sufu zinaanza kunguruma. Weka sindano namba 18, au 16 ikikosekana, uzi wa poliesta imara, mshono mrefu wa milimita 4. Legeza ile skrubu ya juu inayokandamiza mguu wa cherehani ili kitambaa kipite, na legeza kidogo uzi wa juu. Jaribu kwenye vipembe vyako kwanza. Ukifika pale mishono inapokutana acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono tundu kwa tundu, utaokoa sindano nyingi.

Mshono wenyewe, kwa kuwa blanketi limerudi na halifumuki, tumia wa kulaliana. Ukingo mmoja unaulaza juu ya mwenzake sm 1.5, unashona mistari miwili sambamba, basi, hakuna kukunja, hakuna donge, na unapendeza kwa nje. Ule wa kawaida wa kugeuza ndani unakupa tabaka nne begani ambazo zitakuchoma siku ukibeba gunia. Kama blanketi lako lilikataa kurudi vizuri na bado linafumuka, shona wa kawaida kisha kingo zifungwe kwa mkanda au zipigwe zigizaga.

Mpangilio ni huu. Unganisha mabega. Chukua kile kipande cha 24, kikate shingo ifanane na ya jaketi, kichane mbele, kilaze juu ya mabega nusu mbele nusu nyuma, kishone kingo zote. Hicho ni cha muhimu kuliko watu wanavyofikiri, kinafunika mshono wa bega pale mvua inapopiga moja kwa moja na pale kamba ya mzigo inapokaa, kwa hiyo sehemu inayopata shida zaidi ina sufu mara mbili. Kisha mifuko, ishone sasa jaketi likiwa bado limetandazwa, iweke juu kiasi mikono iingie kwa kupinda kiwiko. Kisha mikono, katikati ya mkono ikutane na bega, ishone ikiwa bapa kabla ubavu haujafungwa.

Halafu kikwapa. Kigeuze kikae kama almasi, ncha moja ielekee kiganjani, ncha nyingine kiunoni, pembe mbili zilizobaki zikae mbele na nyuma pale mkono na badani vinapokutana. Piga bandi kwa mkono kwanza, usikimbilie cherehani. Kisha funga ubavu, mshono mmoja kuanzia kiganjani, unapita kando ya kikwapa, mpaka chini kwenye pindo. Huu ndio pekee unageuzwa ndani kwa sababu huwezi kulaza kwenye mrija. Kabla ya kushona moja kwa moja, livae na bandi zake juu ya sweta, inua mikono kama unapandisha gunia la viazi kwenye pikipiki. Pindo la chini likipanda zaidi ya vidole vinne, kikwapa chako ni kidogo, toa vipembe vile utengeneze kikubwa. Mara nyingi wanaoanza wanakiruka kikwapa kwa sababu kinawachanganya, halafu wanalalamika blanketi ni gumu. Blanketi halina shida.

Kila mshono ukimaliza upige pasi na kitambaa kibichi, mvuke ukiwa bado unatoka kandamiza kwa kipande cha ubao mpaka upoe. Bila hivyo jaketi litaonekana limevimba.

Vifungo, usihangaike na tundu za cherehani kwenye unene huo. Tafuta vifungo vikubwa vya mbao au vya pembe ya ng'ombe, upande wa pili shona vitanzi vya ngozi au kamba imara, unaweza kufungua ukiwa na glavu. Mkanda mmoja wa kifuani uushone upande wenye vitanzi utokeze uwe wa kulalia mwenzake, wa pili uuweke kwa ndani upande wa vifungo visije vikang'oka na kitambaa. Zipu kama unaitaka iwe ya plastiki ya meno makubwa.

Sasa bodaboda, na hapa nikwambie ukweli. Udhaifu wa sufu ni upepo. Ukiwa unatembea au unalima utaona joto lake, ila ukikaa kwenye pikipiki mwendo wa 60 alfajiri upepo utapenya kifuani hata kama ulikanyaga blanketi siku nzima. Kwa hiyo kwa ndani, kifuani tu, toka shingoni mpaka tumboni, shonea kitambaa cha parachuti. Mgongoni usiweke, acha jasho litoke, ukizungushia parachuti jaketi zima utalowa kwa ndani. Mikononi weka lainingi laini ya kuteleza ili mkono usikamate sweta, na shingoni zungusha kipande cha pamba laini maana sufu inawasha.

Na mvua. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Sufu inaweza kunyonya unyevu karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujasikia kwamba imelowa, na hata ikilowa nyweleo zake zina mikunjo inayoshikilia hewa, haisinyai na kugandana mwilini kama pamba. Ndio maana manyunyu na ukungu wa Kitulo hautakusumbua, matone utayakung'uta. Lakini mvua yenyewe ya masika ikikushika njiani saa nzima jaketi litalowa, litakuwa zito kama zege na litachukua siku kadhaa kukauka. Beba koti la mvua jepesi ulivae juu yake. Na ndani ukivaa fulana ya pamba ikalowa jasho umejiharibia, vaa sweta au fulana nyingine isiyo pamba.

Baada ya hapo kulifua ni nadra, brashi na kulianika nje kwenye upepo kunatosha, siku likichafuka kweli ni maji ya baridi na kukandamiza taratibu. Msimu wa baridi ukiisha lifue kabla hujalihifadhi, nondo wanafuata jasho na uchafu, kisha lifunge kwenye mfuko usiopitisha kitu. Vile vipembe vya mikono vilivyobaki viweke kwenye mfuko wa ndani wa jaketi lenyewe, siku kiwiko kikikwisha kiraka kitatoka kwenye blanketi lile lile la babu. Nitumie kipimo chako cha kifua na ule urefu wa toka katikati ya shingo mpaka kiganjani ukishalikausha, nikupigie hesabu ya vipande kabla hujakata.